Simu Iliyoitika Ukweni

Elikana B. Ntahondi,
Fundi Cherehani,
Soko la Mwanga,
Kigoma.

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Simu na Vifaa vya Kisasa.

Ndugu Mhariri,

YAH: SIMU AINA YA KINARA 7 MLIYOISIFU, NA MADHARA YAKE KATIKA NDOA YANGU

Nakusalimu wewe na wenzako wote hapo ofisini, akiwemo yule anayechora vibonzo, ambaye mke wangu anampenda sana. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi. Gazeti lenu hununuliwa nyumbani kwetu kila Jumamosi. Kwanza hulisoma mke wangu Scola, kisha mimi, kisha nalikata kuwa vielelezo vya kola na mifuko. Hakuna ukurasa wenu unaopotea bure, hata ule wa siasa.

Sasa niingie kwenye madhumuni ya barua hii. Miezi michache iliyopita mlichapisha uchambuzi wa simu ya Kinara 7, mkaiita simu ya kati inayofaa kwa matumizi ya kila siku. Nikaamini, nikaenda dukani hapa hapa Mwanga nikainunua. Baadaye nikarudia kuusoma ule uchambuzi kwa utulivu, nikaona kwamba mchambuzi wenu alikaa nayo siku saba tu, tena Dar es Salaam, tena muda mwingi alikuwa hotelini akipiga picha chakula chake. Ndugu Mhariri, mimi hata kaptula ya mtoto wa darasa la kwanza siwezi kuisifu kwa siku saba. Naisubiri kwanza ifuliwe, iparamie mti, irudi, ndipo niseme mshono ni mshono. Simu hii mimi nimeivaa mpaka ikachanika, na yafuatayo ndiyo niliyoyaona.

Nisionekane mtu wa chuki. Rangi yake ni nzuri na tochi yake ni kali. Hapo sina neno.

1. KIDOLE. Mchambuzi wenu ameandika kwamba simu hii humtambua mwenyewe kwa kuguswa tu. Mwenyewe ni mimi. Jioni ile niliyoileta nyumbani Bangwe, Scola ndiye aliyekaa nayo mkekani akaiandaa mwanzo hadi mwisho, kwa sababu maandishi yake ni madogo, na miwani yangu ni ya kutunga uzi kwenye sindano, si ya kusomea masharti. Ilipofika zamu ya kidole, nikatoa gumba langu la kulia kwa heshima zote. Simu ikasema nijaribu tena. Nikajaribu. Ikasema nifute kidole. Nikakifuta, nikakiosha kwa sabuni, nikakipaka mafuta ya mawese, nikakiosha tena. Gumba hili limeshika mkasi tangu ujana wangu na lina sugu kama kisigino. Simu ikalikataa kana kwamba nimeliazima kwa jirani. Scola akaweka la kwake mara moja, kwa mzaha, ikalikubali na kumpongeza.

Kuanzia siku hiyo simu ikawa yangu na kidole kikawa cha mke wangu. Kwa muda haikuwa shida, kwani Scola hukaa nami kibandani kutwa nzima. Yeye ni wa pindo, vifungo na pasi. Nikitaka kupiga simu namnyooshea, ananipa gumba, tunaendelea na kazi. Siku hiyo hiyo aliwasha na ile huduma mliyoisifu kwa maneno mengi, kwamba simu ikipotea unapiga makofi na yenyewe inaitika. Alifanya hivyo kwa sababu kila mara huwa naifunika na vitambaa halafu nageuza kibanda chini juu nikimlaumu yeye. Naomba huduma hii uikumbuke, Ndugu Mhariri, kwani tutakutana nayo mbele.

2. FILAMU. Mimi nashona nguo za kike. Mteja akija kuijaribu nguo, naipiga picha mbele, nyuma na ubavuni, ili nikumbuke ilivyomkaa. Mwaka huu mteja wangu mkubwa ni Bi Erica, afisa wa serikali aliyehamishiwa hapa kutoka mkoa mwingine, mama wa heshima zake mwenye harusi za kwenda kila mwisho wa wiki. Bi Erica ameshona sana. Kwa hiyo nimempiga picha sana. Kola yake, mgongo wake, kiuno chake chenye lastiki, mkono wake wenye marinda. Hiyo ni kazi.

Kumbe simu hii, Ndugu Mhariri, huwa haikai bure. Usiku watu wakilala yenyewe inapekua picha na kutengeneza filamu ambayo hakuna aliyeiomba. Asubuhi moja Scola aliifungua amtafute muuza zipu, akakuta imeandikwa kwamba ina zawadi kwa ajili yangu. Akaibonyeza. Ikaanza tarumbeta ya taratibu, ile wanayopiga maharusi wakikata keki, halafu akatokea Bi Erica akija kwa mbele, akatokea Bi Erica akienda kwa nyuma, picha ikawa inasogea polepole kuelekea kiunoni penye lastiki, na mwisho yakaja maandishi yenye maua: Siku Zenu Tamu.

Scola hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliitazama yote, akairudia, kisha akaanza kupekua simu nzima akijitafuta. Akaniuliza kwa upole yeye yuko wapi humo ndani. Nikamwambia atakuwepo tu, aendelee kutafuta. Akatafuta mpaka pasi ikapoa. Akajikuta mara moja: pembeni ya gauni moja la Bi Erica kuna mkono umeshika pindo lisiburuze chini. Mkono ule ni wake. 

3. KAMERA. Nikajitahidi kurekebisha. Jumapili baada ya ibada nikamsimamisha Scola uani kwetu, amevaa kitenge nilichomshonea mwenyewe, ziwa likionekana nyuma yake, nikampiga picha. Mchambuzi wenu amesema kamera hii inatunza uhalisia. Scola ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Alilipata utotoni kwao Ilagala, alipoteleza na ndoo akitoka mtoni. Kamera ikalifuta. Ikafuta na mikunjo miwili ya kucheka iliyo pembeni mwa mdomo, ikamfanya mweupe kama mkate, ikamchonga na kidevu. Palitokea dada fulani ambaye kama angekuja kibandani ningemuuliza anataka kushona nini.

Scola akamtazama yule dada kwa muda mrefu. Akasema basi angalau simu imesema kweli, imemwonyesha mke ambaye mume wake anaona angefaa kupigwa picha. Mimi nilitaka kumwambia jambo kuhusu lile kovu. Neno lilikuwepo, lakini lilikwama. Mimi ni mtu wa kupima, si mtu wa kusema. Kesho yake asubuhi alifunga nguo zake kwenye kitenge hicho hicho, akaenda kwa mama yake Ilagala, na gumba lake akaenda nalo.

4. MAKOFI. Hapa ndipo naomba usome polepole. Nyumba ilipoa. Nilikikosa sana kile kidole. Nikipika chai, nilikuwa nakikumbuka kidole kinachojua tangawizi kiasi gani inatosha. Nikilala, upande wa pili wa kitanda hapakuwa na kidole. Kibandani vifungo vilijaa kopo zima hakuna wa kuvishona, nami nikawa nawaambia wateja kwamba nina tatizo la simu. Walinipa pole, wakasema simu za siku hizi ndivyo zilivyo.

Jumapili ya kwanza nikaenda kanisani na simu ikiwa mfukoni. Kwaya ikaimba pambio, waumini tukapiga makofi. Simu ikadhani imepotea. Ikaanza kupiga kelele kwa sauti ya mtoto, nipo hapa, nipo hapa, huku tochi ile niliyoisifu ikiwakawaka ndani ya shati langu kama radi. Hilo lingesameheka. Lakini mchungaji alipomaliza mahubiri aliuliza kama kuna kondoo aliyepotea anayetaka kurudi kundini leo, watu wakampigia makofi ya kumtia moyo yeyote aliyekuwepo, na kondoo akaitika kutoka mfukoni kwangu. Niliombewa. Nimekuwa mwanakwaya wa sauti ya nne tangu sijaoa, na siku hiyo niliwekewa mikono kichwani na vijana niliowashonea sare.

Wazee wa kanisa wakaniambia niizime hiyo tabia. Nikawajibu kwa masikitiko kwamba sina uwezo, kwani haifunguki bila gumba la mke wangu, na gumba liko Ilagala. Wakatazamana, wakasema basi ni lazima niende Ilagala. Nikasema kama kanisa limeona hivyo, mimi ni nani.

5. SAA. Mume anayemfuata mke ukweni haendi peke yake kama anayefuata deni. Anakwenda na mshenga, na siku inapangwa. Mshenga wangu ni Mzee Feliksi, jirani yangu, ndiye aliyenisemea hata siku ya posa. Tukaitwa tufike saa nne asubuhi.

Sisi wa Bangwe tunaitazama Kongo ng'ambo ya ziwa kila siku na hatuna ugomvi nayo. Lakini Kinara 7 haiitazami tu, inahamia. Hali ya hewa ikiwa nzuri, mitambo ya huko inaikamata, inaniandikia makaribisho kwa Kifaransa, na saa inarudi nyuma kwa saa nzima, kwa sababu ndugu zetu wa upande ule wako nyuma yetu. Asubuhi ile Mzee Feliksi alifika kwangu amevaa koti, nikamwambia amewahi mno, nikampikia chai, nikamwambia apumzike. Akanionyesha saa yake ya mkononi, ile ya kuzungusha ufunguo. Nikamweleza kwa adabu kwamba saa ya kuzungusha kwa vidole haiwezi kubishana na setilaiti. Akanywa chai yake. Tulipofika Ilagala, wakwe walikuwa wamekwisha kunywa uji, wamekwisha kutusubiri, wamekwisha kutusengenya na wamekwisha kuchoka. Mzee Feliksi alinyoosha tu mkono wake akaitazama ile saa yake mbele yangu, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

6. SALAMU. Mchambuzi wenu ni wazi si Muha, kwa hiyo nitamweleza. Kwetu mama mkwe hapewi mkono, na wala humkazii macho. Unainama, unakunja viganja, unapiga makofi ya taratibu, unasema mwakeye. Naye anapiga makofi, anaitika. Unauliza za nyumbani, makofi. Anauliza za safari, makofi. Za muhogo, za mbuzi, za wagonjwa, kila moja na makofi yake, mpaka mmalize. Salamu ikikatizwa katikati haijawa salamu, inaanzwa upya. Na mume mwenye kesi, ambaye tayari amechelewa, salamu yake inasikilizwa kama ushahidi.

Mama mkwe wangu anaitwa Bi Marcelina. Ni mama ambaye katika maisha yake hajawahi kuacha salamu bila kuiitikia. Walikuwepo na baba zake wadogo Scola watatu, wamekaa kwenye viti na nyuso za siku ya hukumu. Scola mwenyewe alikuwa jikoni, kwa sababu mke aliyekimbilia kwao hatolewi mbele ya mume mpaka mume awe amesemwa vya kutosha. Nikainama, nikapiga makofi. Kifua changu kikaitika kwamba kipo hapa.

Bi Marcelina akashusha viganja. Mzee Feliksi akakohoa. Tukaanza upya. Nikapiga makofi, kifua kikaitika, tochi ikawaka, kuku wakaruka. Tukaanza upya. Mara ya tatu baba mdogo mmoja akainuka akasimama nyuma ya kiti chake. Bi Marcelina yeye akawa ananitazama mfukoni. Nadhani aliona kwamba humo kuna mtu mnyenyekevu ambaye anaitika muda wote na hakuna anayemsalimu. Akainama kidogo kuelekea mfukoni mwangu, akapiga makofi kwa nguvu, kama mtu anayemsalimia kiziwi, akasema mwakeye. Simu ikasema nipo hapa. Akaiuliza za huko itokako. Ikasema nipo hapa. Akaiuliza za wazazi wake. Wakaendelea hivyo kwa muda mrefu mimi nikiwa nimeinama katikati yao, mgongo ukiniuma. Mwisho Bi Marcelina akawageukia wale baba wadogo akasema huyu ndiye mkwe wa kwanza kutoka Bangwe anayeitika bila kusitasita.

Baba mdogo mkubwa akaamuru kitu hicho kizimwe. Hapo ndipo nilipotangaza mbele ya kikao, kwa sauti ambayo hata jikoni ingesikika, kwamba mimi sina uwezo wa kukizima, kwani duniani kuna gumba moja tu linaloifungua simu hii, na gumba hilo liko katika boma hili hili. Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Mila ilisema asitoke. Simu ilisema nipo hapa. Ikabidi aitwe.

Scola akatoka na unga wa muhogo mkononi. Hakunitazama. Akafuta gumba kwenye kanga, akanyoosha mkono, nami nikamsogezea simu. Ndugu Mhariri, mtu hawezi kutoa gumba kwa mbali. Ilibidi asimame karibu yangu, karibu kabisa, na nikasikia harufu ya moshi wa kuni na sabuni anayofulia. Simu ikafunguka papo hapo. Kwenye kioo ikatokea ile picha ya mkono wake ulioshika pindo, ambayo nilikuwa nimeiweka hapo wiki iliyotangulia, nikawa nimelikata gauni la Bi Erica lote likabaki ukingo tu. Scola akautazama mkono wake. Akautazama hata baada ya kuwa hakuna kipya cha kuona. Kisha akazima yale makofi, boma zima likawa kimya, na Bi Marcelina akauliza kwa huzuni yule mwingine amekwenda wapi.

Kikao kilikuwa kifupi. Scola alipoulizwa shauri lake alisema moja tu, kwamba mume wake ana picha ya kila nguo aliyowahi kushona na hana picha ya mkewe. Nikaulizwa kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Nikaulizwa nina la kujitetea. Nikasema sina, isipokuwa kwamba lile kovu ambalo simu ililifuta ndilo nililolitazama siku ile ya kwanza nilipomwona amebeba ndoo, kabla sijajua jina lake, na kwamba hadi leo nikitaka kujua kama amekasirika naangalia pale kwanza. Sijui yalitoka wapi. Mzee Feliksi alisema baadaye kwamba katika miaka yote ya kunisemea alikuwa hajui kwamba naweza kusema.

Hukumu ikatolewa kwamba nimpige mke wangu picha pale pale, mbele ya mashahidi. Scola akaichukua kwanza simu, akaingia ndani ya kamera, akazima kile kinachofuta watu sura, akanirudishia. Nikapiga. Kovu lipo, mikunjo yote miwili ipo, unga upo mpaka kwenye kiwiko. Picha imeinama upande kidogo, lakini ni yeye.

7. FILAMU TENA. Tulirudi pamoja jioni hiyo na mafungu mawili ya samaki aina ya migebuka, na ungedhani simu imejifunza. Wapi. Siku ile Ilagala baba wadogo wote walitaka kupigwa picha, na Bi Marcelina akakubali kupigwa nyingi na Scola kwa sharti kwamba yule mwingine aitike. Wiki iliyofuata Kinara 7 ikatuletea zawadi. Tarumbeta zikalia, maua yakamwagika, na Bi Marcelina akasogezwa polepole, polepole, mpaka uso wake ukajaa kioo chote mbele ya macho yangu mimi mkwe wake. Ikaandikwa Siku Zenu Tamu. Mtu ambaye kwa mila sitakiwi hata kumkazia macho akiwa ng'ambo ya uwanja. Niliirusha simu kitandani nikatoka nje. Scola alicheka mpaka akakaa chini, na hakunisaidia.

8. MAOMBI. Kwa kuzingatia hayo yote, naomba kupitia gazeti lenu watengenezaji waambiwe yafuatayo. Watengeneze simu inayokubali gumba la mtu anayefanya kazi. Waifundishe simu tofauti ya mtu anayetafuta na mtu anayesalimia, kwani huku kwetu makofi ni heshima, si upotevu. Waache wake za watu jinsi walivyo. Waiambie simu iko nchi gani. Na ninyi, Ndugu Mhariri, mchambuzi wenu mkimtuma tena msimpeleke hotelini. Mleteni Kigoma akae nayo msimu mzima wa masika, aoe huku, akosane na mkewe, aende ukweni nayo. Akirudi na ndoa, hapo aisifu.

Katika nyota tano naipa moja, na hiyo ni ya tochi. Na kwa kuwa simu hii ilinitenga na mke wangu, ikanifungia nje ya mali yangu mwenyewe bila msaada wowote, nataka uchambuzi ule ufutwe na niombwe radhi ukurasa wa mbele, au wa pili kama wa mbele una siasa.

Nimalizie kwa salamu. Scola anawasalimu, na anamtaka yule mchora vibonzo asiache. Mzee Feliksi anawasalimu, na anasema saa yake haijawahi kwenda Kongo. Bi Marcelina anawasalimu wote kwa makofi, mmoja mmoja, na anategemea kuitikiwa. Msalimieni hata mchambuzi wenu, sina kinyongo naye, ila nguo zake asizilete kwangu.

Ni mimi msomaji wenu niliyeumizwa,

Elikana B. Ntahondi
Fundi Cherehani, mishono ya kike na sare za kwaya

N.B. Nimeisoma tena barua hii nikaona mchambuzi wenu, kama ana akili kidogo, ataniuliza swali: kama simu haifunguki bila gumba la Scola, ni nani aliyeifungua wiki ile akaweka picha ya mkono kwenye kioo? Basi niliseme mapema. Simu ina namba za siri. Ni mwaka tuliofunga ndoa. Ninazijua, nimezijua tangu siku ya kwanza, na Scola alipokuwa Ilagala niliifungua nazo kila siku kuutazama ule mkono. Tena makofi ya ukweni hupigwa kwa viganja vilivyokunjwa, polepole, na simu haiyasikii. Nililijaribu hilo uani kwangu jioni kadhaa, mpaka nikajua ni makofi ya nguvu gani yanayoitikiwa. Siku ile mbele ya Bi Marcelina nilipiga kama mtu anayefukuza ndege shambani. Nisingeweza kumwita Scola kwa mdomo wangu, Ndugu Mhariri. Nilihitaji kitu cha kunisemea. Kwa hiyo aya hii usiichapishe kabisa, kwani ni Scola anayelisoma gazeti lenu kwanza.

N.B. ya pili. Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, nimeifungua. Nimekumbuka kwamba zile namba za siri aliziweka Scola mwenyewe, jioni ile mkekani, akanishika gumba langu lenye sugu akanibonyezesha moja moja ili nisizisahau. Kwa hiyo alipotoka jikoni siku ile na kunyoosha mkono, alikuwa anajua. Chapisha tu yote.